Mkwe Kwenye Chumba cha Marubani

Sifa zangu nitazisema mwenyewe, kwa kuwa waliopaswa kunisemea walinyamaza.

Nilizaliwa Likasi, katika nyumba ya kampuni ya shaba, mtoto wa mfanyakazi wa tanuru. Sikuwa na mjomba waziri, wala padri wa kunitafutia nafasi. Nilifika Ubelgiji kwa nauli niliyoihangaikia mwenyewe, nikaosha sahani, nikafagia ndani ya ndege za watu, na kila nilichopata nikakipeleka kwenye shule ya urubani. Wenzangu wengi darasani walilipiwa na baba zao. Mimi nilijilipia, na niliwapita. Mwalimu wa mashine ya mazoezi, ile inayotikisika kama ndege huku imefungwa sakafuni, aliwahi kuwaita waje wasimame nyuma yangu watazame jinsi ninavyosoma vipimo. Nilitoka pale na leseni ya kurusha ndege za abiria, na diploma. Diploma hiyo sikuinunua sokoni kama wengi walivyofanya kwetu miaka ile.

Kisha nikarudi. Hilo ndilo watu wa Likasi hawakulielewa. Nilirudi wakati kila mwenye miguu alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Mabomba ya moshi ya kiwanda yalisimama bila moshi. Wafanyakazi walikuwa wamezoea kulipwa unga, na sasa unga nao ulikuwa unachelewa. Majirani zetu wa asili ya Kasai, tuliokua nao na kula nao, walikuwa wamefukuzwa kwa kuwa eti si wenyeji, na nyumba yao ilikuwa imeng'olewa milango pamoja na fremu zake. Baba bado aliamka kila asubuhi, akavaa buti zake za kazi, akatembea hadi kwenye lango la kiwanda, akasalimiana na wenzake waliovaa buti kama yeye, akarudi nyumbani.

“Unarudia nini huku?” waliniuliza.

Niliwajibu kwamba nimerudi kurusha ndege.

Wala sikuwa nimepotea. Barabara zilikuwa zimekufa, na treni ilikuja ilipopenda, kwa hiyo mwenye bidhaa alitafuta ndege. Wafanyabiashara walinunua Ulaya ndege zilizochoka, wakazipaka rangi mpya, wakajiita kampuni. Moja ya hizo, ambayo sitaitaja, ilikuwa Lubumbashi, na komanda wake, yaani rubani mkuu, alikuwa mume wa dada yangu mkubwa.

Shemeji huyu alifundishwa jeshini, kwenye ndege za kuendeshwa kwa mikono kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Nitampa haki yake: mikono alikuwa nayo. Angeweza kutua kwenye uwanja wa udongo huku mvua inapiga kioo, na abiria wasijue kwamba magurudumu yamekwisha kugusa chini. Lakini karatasi zake zilikuwa na mashaka, na zangu hazikuwa nayo. Kila Jumapili alijivuna mbele ya familia kwamba ni yeye aliyeniingiza kazini. Mimi nilimwacha aseme. Nilijua kwamba mwenye ndege alipokwenda kuomba ruhusa ya kubeba abiria, alitandaza mezani leseni yangu. Shemeji hakunileta kwa huruma. Alinihitaji. Jina langu hakulitumia hata siku moja, aliniita Diploma.

Ndege yetu ilikuwa ya injini mbili za mapangaboi, nzee lakini nzima, na ilikuwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho jeshini: kifaa cha kujiendesha. Ukishapanda hadi kimo unachotaka, unabonyeza, taa ndogo ya kijani inawaka, na mashine inashika kimo na mwelekeo yenyewe. Rubani anatoa mikono. Shemeji alikipenda kifaa kile kama mtu aliyechota maji mtoni maisha yake yote, halafu siku moja akawekewa bomba uani. Alikiita “mutumishi”. Mutumishi akishashika, yeye alifungua kikapu, akala kuku wake, akasoma gazeti la mwezi uliopita, akapokea wageni. Na wageni hawakukosekana. Nyuma ya viti vyetu kulikuwa na kiti kidogo cha kukunja, na mlango wetu ulikuwa wazi kama wa kanisa. Wachungaji, maofisa wa jeshi, wafanyabiashara wenye matumbo, kila mwenye heshima zake alitaka aletwe mbele ayaone mawingu.

Mimi nilifundishwa vingine. Nilifundishwa kwamba kifaa kile hakichoki, lakini pia hakisemi. Kinafanya ulichokiagiza, na ukikigusa vibaya kinaachia kimya kimya. Kwenye ndege kama yetu hapakuwa hata na kengele. Taa ilizimika tu. Kwa hiyo hatari yake haiko kwenye mashine. Iko kwa mtu ambaye mikono yake imepumzika, kisha macho yake yakaona nayo yapumzike. Wenzetu wa Ulaya waliizika mifano ya kutosha kabla ya kuandika kanuni: mmoja akishughulika na jambo lolote, hata kama ni balbu iliyoungua, mwingine haondoi macho kwenye vipimo.

Nilimwambia shemeji hayo yote siku moja uwanjani Lubumbashi, fundi wa ndege akisikia.

“Komanda, tungefunga mlango tukiwa juu.”

“Sababu ya nini?”

“Wageni wanatuondoa macho.”

“Diploma, bazungu balikufundisha kuogopa bantu. Acha mutumishi atumike. Ao unamuonea wivu?”

Fundi alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Mlango ukabaki wazi.

Sasa nimlete baba yangu mkubwa, kaka wa baba. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua samaki wakavu Kapolowe, kwa wanawake wanaowatoa ziwani, akawasafirisha kwa ndege yetu hadi Mbuji-Mayi, mji wa almasi, ambako watu wengi waliofukuzwa kwetu walikimbilia na walikuwa bado wanatamani samaki wa nyumbani. Magunia yake hayakusubiri zamu. Shemeji aliyapakia kwanza, kwa sababu huyu ndiye mzee aliyeipokea mahari ya dada yangu, kama mkubwa wa ukoo. Kwangu mimi alikuwa baba. Kwa shemeji alikuwa mkwe.

Msomaji wa mbali anaweza kuliona neno hilo jepesi. Kwetu mwanamume hampi mkwe wake mgongo. Hamsalimu huku amejinyoosha kitini. Akimwona anashuka, anainamisha kichwa, anapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, anangoja aulizwe habari za mke, za watoto, za nyumba, naye anajibu moja moja kwa sauti ya chini. Kuikata salamu hiyo katikati ni kama kumwambia mzee akamchukue binti yake. Sisemi hivi kwa dharau. Nimeipiga salamu hiyo mwenyewe, na ninaijua uzuri wake. Nasema tu kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliosimama ardhini.

Baba mkubwa alijua haya kuliko sisi, ndiyo maana miezi yote hiyo alisafiri nyuma, na hakuja mbele hata mara moja. Lakini siku ile, safari ya kwenda Mbuji-Mayi katika msimu wa mvua, wachuuzi wenzake walimtania tangu tulipoondoka. Mhudumu wetu alinisimulia baadaye. Walimwambia: mukwe wako njo yeye anatubeba, mutoto wa mudogo yako iko pembeni yake, na weye unakaa huku na siye katika harufu ya samaki? Basi bakupe mukate mbele kule. Mzee akavumilia, akavumilia, kisha akafungua mkanda, akavaa kofia yake, akaja. Wawili kati ya watani wake wakamfuata hadi mlangoni washuhudie.

Tulikuwa ndani ya mawingu. Chini yetu, mahali fulani tusipopaona, palikuwa na milima. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Mimi nilikuwa kwenye redio, naita Mbuji-Mayi nipate hali ya hewa, na Mbuji-Mayi ilikuwa inanijibu nusu nusu.

“Jambo yenu, bana bangu,” sauti ikasema nyuma yetu.

Nilimwona shemeji akishtuka kama mtoto aliyekutwa amekaa kwenye kiti cha baba. Alifungua mkanda, akageuka mzima, akapiga goti moja juu ya kiti chake, uso kwa mzee, mgongo kwa ndege. Akakunja viganja, akaanza kupiga makofi yale ya taratibu. Nyonga yake ikaegemea usukani na kuusukuma mbele, kidogo tu, kama unavyosukuma mlango ukiwa umebeba beseni.

“Habari ya mutoto wangu?” mzee akauliza.

“Iko muzuri, baba.”

“Na batoto yake?”

“Banaendelea muzuri, baba.”

Mzee akanigeukia mimi. Nilikuwa bado na kisikilizio sikio moja.

“Na weye? Haunisalimie?”

“Baba, nitakusalimu chini. Sasa natazama ndege.”

Mmoja wa watani mlangoni akatoa sauti ya kejeli. “Ulaya ilimuharibisha huyu,” akasema.

Nilirudisha macho kwenye vipimo, kama nilivyofundishwa, na taa ya kijani haikuwapo. Mshale wa kimo ulikuwa unazunguka kwa utulivu kabisa, unashuka, hauna haraka. Hakuna aliyeusikia mshuko ule mwilini. Ndani ya mawingu tumbo halikwambii kitu.

“Komanda, tunashuka.”

“Mutumishi anashika,” alijibu bila kugeuka. Kisha, kwa ile sauti ya chini, “Na mama, baba? Miguu yake inapona?”

“Inapona kidogo,” mzee akasema.

Nilirudia, safari hii kwa Kifaransa cha kazi, na kwa nguvu. Shemeji alinyoosha kiganja kimoja nyuma ya mgongo wake, kunionyesha ningoje. Mkwe alikuwa bado hajamaliza habari za miguu.

Sikungoja. Nilitamka yale maneno ya kuchukua usukani, ambayo tunayatamka ili asiwepo wa kudai baadaye kwamba hakujua, na nikavuta, huku namsukuma shemeji kwa kiwiko atoke juu ya usukani wake. Wingu likapasuka mbele yetu. Niliona matawi. Sisemi msitu wala miti. Niliona matawi, na majani yaliyolowa yakigeuza upande mweupe kwa upepo wetu. Injini zikalia, ndege ikainuka, mawingu yakatufunika tena.

Shemeji alikuwa ameanguka katikati ya viti. Baba mkubwa alirushwa nyuma, akagonga mdomo kwenye fremu ya mlango, kofia ikapotelea miguuni mwa watani wake. Huko nyuma wavu wa mizigo ulikatika, samaki wakavu wakamwagika juu ya watu, na mama mmoja mchuuzi alivunjika mfupa wa bega. Hakufa mtu. Nalirudia hilo kwa sababu sikumsikia mwingine akilisema: hakufa mtu, na hakufa kwa sababu nilikuwa nimekaa pale nilipokaa.

Shemeji alirudi kitini, akashika usukani hadi Mbuji-Mayi, akatua vizuri sana. Injini zilipozimwa aliniambia, “Tutasema ilikuwa upepo.”

“Upepo hauzimi taa,” nilimjibu.

Ingekwisha hapo, kama ilivyokwisha mingi miaka ile, lakini yule mama aliyevunjika alikuwa na kaka mwenye cheo, naye alitaka mtu wa kumshika. Mwenye ndege akaogopa. Akaja ofisa wa serikali wa mambo ya ndege. Kisanduku cha kurekodi sauti chumbani mwetu kilifunguliwa, hakikuwa na utepe, kilikuwa pambo. Hivyo pakabaki maneno ya watu. Wale watani wawili walisema walikuwa wanamtazama mzee, na mgongo wake uliziba kila kitu. Pakabaki maneno matatu: la shemeji, langu, na la baba mkubwa. Na ilijulikana tangu mwanzo kwamba mmoja kati ya marubani wawili angepoteza leseni. Shemeji alikuwa amekwisha kusema kwamba usukani ulikuwa kwangu, na kwamba mimi ndiye niliyegeuka kuzungumza na mzee wangu.

Kwa wengine leseni ni karatasi. Kwangu ilikuwa miaka yangu yote ya sahani na mifagio. Bila hiyo nilikuwa mtu aliyekwenda Ulaya akarudi mikono mitupu, na Likasi ilikuwa inawajua watu hao kwa majina.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliitwa nyumbani kwa baba. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti kikubwa, mdomo umevimba, jino moja la mbele halipo. Dada alikaa kwenye mkeka. Mume wake hakuja. Mkwe hawezi kukaa baraza moja na wakwe zake wakimjadili. Baba yangu alikaa pembeni karibu na dirisha, akitazama buti zake. Hata Jumapili alizivaa.

Dada ndiye aliyeanza. “Mudogo yangu, uko na diploma. Kila fasi utaenda batakufungulia mulango. Bwana yangu iko na nini? Jeshi haiko tena. Bakimutoa katika ndege, tutakula nini?”

“Yaya, sikusoma ili nibebe makosa ya bwana yako,” nilimjibu, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya.

“Hakuna muntu anasema makosa. Banasema bahati mubaya.”

“Basi aibebe mwenyewe hiyo bahati.”

“Unasikia vile anaongea?” dada akamwambia baba. Baba aliendelea kutazama buti zake.

Baba mkubwa akakohoa. “Minye niliingia mule, hukunisalimia. Mbele ya benzangu. Kisha nikaanguka, jino ikatoka, banacheka mupaka leo kule sokoni. Nani alinianguisha? Si weye njo ulivuta?”

“Nilivuta ili usife, baba.”

“Njo vile unasema weye. Minye sikuona kufa. Niliona mutoto wa mudogo yangu ananitupa chini.”

Ningemwonyesha vipi yale matawi? Yeye alikuwa ameketi sakafuni anatafuta kofia. Ajali ikitokea watu huiona. Isipotokea, wanaona tu nani aliwasukuma.

Nilijishusha. Nilitoka kitini nikachuchumaa mbele yake, nikamsalimu pale salamu yote niliyomnyima angani, makofi na kichwa chini, nikamwomba kitu kimoja. “Sitaki unitetee, baba. Ukiulizwa nani alikuwa amegeuka, sema ulichokiona kwa macho yako. Basi.”

“Minye ni muntu wa Mungu,” akasema. “Nitasema kweli.”

Nilimwamini. Niliwaambia hata marafiki zangu pale Likasi kwamba mambo yamekwisha, kwamba diploma haishindwi na kikapu cha kuku. Nilinunua tai mpya.

Kikao kilifanyika Lubumbashi, katika ofisi ya mwenye ndege, mezani kwake. Ofisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alimwuliza shemeji, shemeji akasema yake. Aliniuliza mimi, nikasema yangu, kwa utaratibu, taa, kimo, goti kitini, nyonga kwenye usukani. Nilieleza vizuri, hata mwenye ndege alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kisha akaitwa baba mkubwa, ndani ya suti yake ya kahawia.

“Mzee, ulipoingia, nani aligeuka?”

“Mutoto wangu huyu,” baba mkubwa alisema, akaninyooshea mkono mzima, kwa upole. “Aligeuka, akanisalimia.”

“Alikusalimu vipi?”

“Vile banasalimia mukubwa. Alifungua mukanda, akapiga goti pale juu ya kiti, akapiga makofi. Akauliza habari ya mama, ya miguu yake. Iko na heshima sana huyu mutoto. Ulaya haikumubadirisha.”

Alisema hivyo. Alichukua salamu yote ya shemeji, kipande kwa kipande, goti, makofi, miguu ya mama, akanivika mimi mbele ya watu, tena kwa sifa. Alikuwa mkwe asiyeweza kumwaibisha mume wa binti yake hadharani, na alipata njia ya kunimaliza bila kunitukana. Mtu angesikia angedhani ananibariki.

Ofisa alinigeukia. “Unasemaje?”

“Si kweli. Mimi sikumsalimu.”

“Hukumsalimu?”

“Hapana.”

“Kabisa?”

“Nilimwambia nitamsalimu chini. Nilikuwa natazama vipimo.”

“Huyu ni nani kwako?”

“Ni baba yangu mkubwa.”

“Baba yako mkubwa anaingia, anasimama nyuma yako, anakusemesha, na wewe hugeuki?”

“Sikugeuka.”

Nilimwona ofisa akivua miwani. Nilimwona mwenye ndege, ambaye dakika chache kabla alikuwa upande wangu, akiangalia dirishani kama mtu aliyesikia jambo la aibu. Ndipo nilipoelewa mtego ulivyokaa. Kama ninasema kweli, basi mimi ni mtu wa namna ambayo hakuna aliyependa kukaa naye chumba kimoja. Na kwa kuwa hakuna aliyependa kuamini kwamba mtu wa namna hiyo yuko, ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba nasema uongo. Kanuni niliyoilipia kwa mikono yangu, kanuni iliyowaokoa wote waliokuwa mle ndani, akiwemo mzee na suti yake, ilisikika pale mezani kama utovu wa adabu.

Leseni yangu ilisimamishwa nchini. Shemeji alibaki na kiti chake, akapewa msaidizi mwingine, kijana mpole aliyewasalimu wageni wote. Samaki wa Kapolowe waliendelea kupanda ndege.

Mimi sikuzama. Walionifikiria mtu wa kuzama walikuwa hawanijui. Nilikwenda kusini, nchi nyingine, nikafanya mitihani upya, nikaipita yote kwa mara ya kwanza. Leo vijana wanaokaa mbele yangu kwenye mashine ya mazoezi ni wengi, na marubani walionipitia wanarusha ndege ambazo shemeji aliziona kwenye picha tu. Ninawafundisha kwamba kifaa cha kujiendesha si mtumishi. Wananiuliza kwa nini ninalisema hilo kwa hasira. Nawaambia waandike.

Lakini kuhusu Likasi kimebaki kitu kimoja cha kusema, na si cha baba mkubwa wala cha shemeji.

Asubuhi niliyoondoka, baba aliingia chumbani nikiwa nafunga sanduku. Alikuwa amerudi kutoka kwenye lango la kiwanda, buti zina vumbi. Alikaa kitandani. Tulizungumza habari za njia, za mpaka, za baridi ya huko kusini. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya unga:

“Usimuchukie kaka yangu. Alikuwa na aibu. Jioni ile mulirudi kutoka Mbuji-Mayi alikuja hapa akanielezea yote. Vile bwana ya yaya yako aligeuka, vile weye ulikatala kugeuka. Alisema, huyu mutoto njo alituponyesha.”

Niliacha kufunga kamba.

“Alikwambia kabla ya ile Jumapili?”

“Mbele ya Jumapili, eyo.”

“Basi uliketi pale dirishani, ukanitazama nachuchumaa kumwomba, na wewe unajua.”

“Nilijua.”

“Na atakachokwenda kusema kule ofisini?”

Alipangusa vumbi kwenye buti moja kwa kidole gumba. “Alirudi siku ingine akanielezea nayo,” akasema. “Ni mukubwa yangu. Ningeongea nini mbele yake?”

Nilimaliza kufunga kamba. Gari la kwenda Lubumbashi lilikuwa linajaza watu huko barabarani, nilimsikia kondakta akiita. Nyumbani kwetu hakuna anayesafiri bila kuombewa. Baba akasimama, akanivua kofia kwa mkono wake, akaniwekea kiganja kichwani. Aliomba kwa muda mrefu. Aliombea barabara, aliombea mikono yangu, aliomba Mungu anifungulie milango ambayo wanadamu waliifunga. Nilisimama wima, macho wazi, namtazama anavyoomba. Alikuwa anaomba kwa moyo, naweza kuapa.

Alipofika mwisho alinyamaza, akanipa nafasi yangu ya kusema amina. Sikusema. Akangoja kidogo, kisha akaisema yeye mwenyewe.